Kikohozi cha Bujiku na Jina Lake Refu

Benchi la kahawa la mgodi wa dhahabu wa Nyashilolo lilikuwa gogo la nguzo lililokataliwa shimoni kwa kupinda. Mhandisi Mzungu alilitazama, akasema hili haliwezi kubeba mwamba, likatupwa nje. Watu wakaliburuta mpaka barazani kwa duka la Mwarabu, wakalipa kazi ya kubeba wajuaji, na kazi hiyo, nawaambia, ni nzito kuliko mwamba. Kila Jumamosi jioni, kengele ya mgodi ikishalia, ungewakuta pale: Mzee Sikujua wa Ujiji na dele lake la shaba, Marcel, dresa wa zahanati ya mgodi, aliyefunga vidonda mpaka akajiona amekaribia kuwa daktari, wakamwita Bwana Bandeji, Stanslaus, karani wa stoo, aliyeingia seminari akaishia njiani, wakamwita Padri Nusu, na Gregory, fundi wa mashine, Msumbwa wa Bugarama, waliyemwita Chura, jina ambalo hakulipenda hata kidogo. Katikati yao, mahali palipokuwa pake hata asipokuwapo, alikaa Bujiku wa Samuye.

Bujiku alikuwa na makubwa mawili. Shimoni alikuwa fundi wa mashine ya kutoboa mwamba, na hapakuwa na wa kumfikia. Juu ya ardhi alikuwa ningi, yaani kiongozi wa nyimbo, wa Bagalu. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika, na tangu enzi za mababu havijapata kukubaliana hata juu ya rangi ya maziwa. Bujiku akisimama kuimba, Bagika walitafuta sababu ya kwenda nyumbani.

Lakini mwaka ule, mwaka Malkia mpya wa Waingereza alipovikwa taji, kifua kilianza kumsaliti. Akianza ubeti, pumzi zinakatika kabla ya kufika kwenye kiitikio. Akipanda kilima cha kambi, anasimama katikati akijifanya anatazama mandhari. Mtu wa Samuye, aliyezaliwa na kukulia kwenye tambarare, anatazama mandhari gani?

Jumamosi moja akatokea zahanati, anatembea polepole, mdomo umefumbwa kama amebeba maji kinywani. Hakumwamkia mtu. Alikaa mahali pake, akavuta pumzi kidogo, ya pili kidogo, kisha akafumbua mdomo.

— Nyumokoniosisi.



— Marahaba, akajibu Mzee Sikujua.

— Si salamu, mzee! Ni ugonjwa wangu.

— Ebo! Wote huo?

Bujiku akawaeleza. Daktari Mzungu aliinua picha ya kifua aliyopigwa, akaiweka dirishani, akaitazama muda mrefu, akamwita Mzungu mwenzake, wakaitazama wote. Ndipo akalitamka lile neno. Bujiku akamwuliza mkalimani: amesema nini? Mkalimani akasema: amesema unaumwa. Naumwa nini? Unaumwa hicho alichokisema. Basi Bujiku akamwomba daktari alirudie, na daktari akalirudia taratibu, akishangaa mchimbaji anataka neno badala ya kidonge. Njia nzima Bujiku alikuwa akiliimba moyoni lisimdondoke.

— Na dawa? aliuliza Marcel.

— Dawa hakuna. Amesema Jumatatu asubuhi niende ofisini, wataniambia kama narudi kwenye mashine au narudi Samuye. Sasa nyinyi ndio mnaojifanya mmesoma. Nataka kujua neno hili limesema nini. Limesema narudi shimoni, au limesema nife?

Swali lilikuwa wazi, na hofu iliyokuwa ndani yake ilikuwa wazi pia. Ungedhani watu wangemhurumia. Thubutu! Wa kwanza kunena alikuwa Gregory, na alinena kwa wivu.

— Huu ni upendeleo! Mimi nakohoa kukuzidi wewe. Mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari huyo huyo, nimekohoa mbele yake mpaka machozi yakanitoka. Kaniambia nini? Kikohozi! Kikohozi tu, kama mbuzi!

— Ulipigwa picha? aliuliza Marcel.

— Sikupigwa.

— Basi. Jina kubwa haliji bila picha. Hata hati ya kusafiria iko hivyo.

— Jina jema hung'aa gizani, akasema Mzee Sikujua, akimmiminia Bujiku kikombe kilichojaa kuliko vya wenzake. Na wewe unafanya kazi gizani. Limekufaa.

Bujiku akajikuta anatabasamu. Alikuja na woga, sasa hapa watu wanamwonea choyo. Akakaa vizuri, akanyoosha miguu.

— Litamke tena, akasema Marcel, lakini polepole. Haraka haraka haina baraka.

— Nyu-mo-ko-ni-o-si-si.

— Aha! Marcel akajipiga paja. Hili neno tutalichuna kama ng'ombe, kila mtu apate kipande chake. Tuanzie mkiani, kwenye sisi. Hiyo naijua, iko zahanati kila siku. Kuna tubakulosisi, ile kifua kikuu. Sisi si ugonjwa wenyewe, ni cheo cha ugonjwa. Kama vile Bwana, au Mtemi. Ugonjwa wenye sisi unalazwa kwenye kitanda chenye shuka. Usio na sisi unapewa kwinini mlangoni, unaambiwa nenda.

— Ndiyo maana mimi niliambiwa nenda, akanung'unika Gregory.

— Mimi naona neno limejieleza lenyewe, akasema Mzee Sikujua. Sisi ni sisi. Mimi, wewe na huyu.

— Mzee, hapa hatutegi vitendawili, akasema Padri Nusu, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa kimya akisubiri kuombwa, na alipoona haombwi akaamua kujiomba mwenyewe. Mnachuna ng'ombe kwa kijiko nyinyi. Hilo neno si Kiingereza.

— Si Kiingereza? Na limetoka kinywani mwa Mwingereza!

— Ni Kiyunani. Kigiriki cha zamani. Kule seminari alikuwapo padri mzee, Mholanzi, alitufundisha Kiyunani jioni kwa hiari yake, kwa sababu alikuwa hana mtu mwingine wa kuzungumza naye. Neno lenyewe linaanza na P.

— P iko wapi? Bujiku alishtuka kama mtu aliyeambiwa ameangusha kitu njiani. Mimi sikuisikia P!

— Ipo, ila haisemi. Imeandikwa mbele kabisa, kisha inanyamaza.

— Sasa inafanya nini hapo mbele kama haifanyi kazi?

— Ni nyapara hiyo, akasema Gregory.

Wakacheka, na Bujiku naye akacheka, kosa kubwa, maana kicheko kiligeuka kikohozi, na kikohozi kikamshika mpaka akainama magotini. Wenzake walisubiri kwa adabu, wakitazama pembeni. Kilipokwisha akapangusa mdomo, akasema:

— Endelea, Padri. P imenyamaza. Halafu?

— P-neu-ma. Maana yake, Padri Nusu akainua kidole kama yuko mimbarini, maana yake ni Roho! Roho kama ilivyo katika Roho Mtakatifu.

— Wacha wee!

— Na pia ni pumzi. Na pia ni upepo. Wayunani walikuwa maskini wa maneno. Roho, pumzi, upepo, vyote neno moja.

— Na kwetu pepo na upepo ni ndugu, akasema Mzee Sikujua, akaweka dele chini. Sasa nimeelewa. Bwana wee, nimeelewa mpaka nywele zimenisimama! Huu mlima una mwenyewe. Nyinyi mnaingia tumboni mwake mnamtoa dhahabu usiku na mchana. Hivi mnadhani anatoa bure? Anatoa dhahabu, anachukua pumzi. Biashara ni hiyo. Na Mzungu anajua! Anajua zamani! Ndiyo maana ameupa ugonjwa jina la Kiyunani, lugha ya watu waliokufa, ili mlima usisikie ukitajwa.

— Na sisi tusisikie, akasema Gregory.

— Ninyi mlima haujali mkisikia.

— Mzee, hiyo ni imani ya giza, Padri Nusu akakunja uso. Hilo neno ni la kisayansi. Roho ndiyo sehemu ya kwanza. Sehemu ya kati ndiyo...



— Ndiyo nini?

— Konio. Konio. Iko kwenye ncha ya ulimi.

— Basi iteme!

— Niliacha seminari kabla haijakaa vizuri, akasema Padri Nusu, na sote tunajua kwamba hakuacha, aliachishwa.

Hapo Gregory, ambaye wivu ulikuwa bado unamla, akasogea mbele.

— Bujiku, hebu niambie kitu kimoja. Ile picha ya kifua chako uliiona?

— Niliiona. Daktari alipoiweka dirishani niliichungulia.

— Ilikuwaje?

— Nyeusi. Mbavu nyeupe. Halafu humo katikati ya mbavu kuna vidoadoa vyeupe, vingi, vimetapakaa kama mtu amemwaga ulezi.

— Vinametameta?

Bujiku akafikiri. Alitaka kusema kweli, lakini macho ya benchi zima yalikuwa kinywani mwake, na ningi hawezi kuwanyima watu wimbo.

— Vinametameta.

— Dhahabu! akapiga kelele Gregory. Ni dhahabu hiyo, bwana! Miaka yote hii unatoboa mwamba wa dhahabu, unaivuta, inaingia, inakaa. Wazungu wawili wanaitazama picha yako bila kusema, umeona lini Mzungu anakitazama kifua cha mchimbaji hivyo? Walikuwa wanapima mkondo wa dhahabu! Nyumokoniosisi ni jina la mgodi wao mpya. Mgodi wenyewe ni wewe!

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema Marcel kwa heshima, akikitazama kifua cha Bujiku.

— Dhahabu ikiwa chini ya ardhi ni mali ya Serikali, akasema Padri Nusu. Ikiwa ndani ya Mkristo, sheria haijasema.

— Yaya, hapana, mimi sijabatizwa, akasema Bujiku.

— Basi ni ya Serikali.

— Jumatatu watakuwekea uzio, akasema Gregory. Na askari mwenye bunduki. Huruhusiwi kukohoa nje ya kambi.

Wakacheka mpaka Mwarabu akachungulia dukani kuona kama kuna mtu ameanguka. Na Bujiku, mgonjwa mwenyewe, alicheka kwa tahadhari, kwa pua tu, lakini moyoni alikuwa anapanda juu. Alikuja na hofu ya kufa, sasa ana Roho, ana mlima mzima unaomdai, ana dhahabu kifuani, tena kwa Kiyunani. Ningi yeyote ana jina la kujitapia. Mmoja hujiita Kimbunga, mwingine Simba Asiyelala. Bagika walikuwa na mmoja aliyejiita Bomu. Sasa Bomu ni nini mbele ya hili? Bujiku alisimama pale pale, akashika benchi kwa mkono mmoja, akajaribu kwa sauti ya ngomani:

— Nene Nyumokoniosisi! Mimi ndimi Nyumokoniosisi wa Samuye! Mwenye P isiyosema! Bagika, leteni Bomu lenu nilimeze!

— Eeeh! wakaitikia.

— Baada ya mavuno, tukishindana ngoma uwanjani, nikijitaja hivyo watalia!

— Hawataweza hata kulijibu, akasema Marcel. Kwanza hawataweza kulitamka.

Bujiku akakaa chini, anahema, macho yanang'aa. Kifua kilimwuma, lakini kilimwuma kwa fahari. Wapo watu hapa duniani ambao ukiwapa jina refu watalibeba hata kama ni la jeneza lao, na siwacheki, maana wengi wetu tungekuwa vivyo hivyo.

— Vumbi, akasema Padri Nusu.

— Nini?

— Konio. Nimeikumbuka. Vumbi.

Hakusema kwa sauti ya mimbarini sasa. Alisema taratibu, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani na bado anakipapasa kwa mguu.

— Koniortos. Kung'uteni mavumbi ya miguuni mwenu. Ndiyo aya ambayo yule padri Mholanzi alinipa niandike, kwa Kiyunani, nikiwa nimepiga magoti, siku ile nilipokutwa na pombe ya wanzuki chini ya kitanda. Kesho yake nikafukuzwa. Konio ni vumbi, Bujiku. Na nyumo hapo si Roho Mtakatifu. Daktari huwa hasemi habari za Roho Mtakatifu. Ni pafu. Pafu, vumbi, na ile sisi ya Marcel, ugonjwa. Ugonjwa wa vumbi katika mapafu.

Bujiku akamtazama. Akawatazama wengine, akitumaini mmoja atacheka.

— Maneno yote yale, vumbi tu?

— Vumbi tu.

— Hata mama yangu kule Samuye angeniambia vumbi! Anafagia ua kila asubuhi, anakohoa, anasema ni vumbi. Hahitaji Kiyunani!

— Vumbi la mama yako linatoka kifuani akinywa maji na maziwa, akasema Marcel, na sauti yake ilikuwa imepungua. Hili ni la mwamba. Likiingia linakaa. Kule zahanati kulikuwa na wengine... 

— Wengine nani?

— Wa zamu ya zamani. Jina la ugonjwa wao sikulijua. Nilikuwa naambiwa niwape dawa ya kikohozi, nawapa.

— Wako wapi?

— Walirudi kwao.

— Walirudi kwao wakawaje?

Marcel akageuza kikombe chake, akatazama machicha ya kahawa.

— Kumbe ndiyo maana, akasema Gregory. Kile kitambaa. Mhandisi akishuka shimoni hujifunga kitambaa puani.

— Sisi tulidhani ni harufu yetu, akasema Bujiku.

— Tulisema ana maringo.

— Tulimtungia wimbo.

— Wewe ulimtungia, akasema Gregory. Na si yeye peke yake.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoacha kuwa ya kahawa. Maana kuna jambo ambalo kila fundi wa mashine pale Nyashilolo alilijua na hakuna aliyelisema. Mashine ya kutoboa mwamba ilikuja na mpira wa maji na koki yake. Maji yakifunguliwa, yanaingia tunduni, vumbi linageuka tope, linatiririka chini. Kazi inakwenda, ila inakwenda pole, na unatoka umelowa mpaka mifupa. Maji yakifungwa, mashine inakula mwamba kama hindi la kuchoma. Na hawa Wasukuma, walipofika mgodini wakakosa mashamba ya kushindania kulima, walishindana kutoboa. Zamu ya Bagalu na zamu ya Bagika, nani ameingia mwambani zaidi. Aliyefunga koki wa kwanza, akawashinda Bagika mpaka wakaona haya kula, alikuwa Bujiku. Siku ya pili Bagika nao wakafunga. Hakuna Mzungu aliyewaambia fungeni. Mzungu aliyaona maji yamefungwa, akaiona dhahabu imeongezeka, akatazama pembeni.

— Mimi nilikuwa nafungua, akasema Gregory. Peke yangu, nilikuwa nafungua. Si kwa akili, mnielewe. Nilikuwa sipendi vumbi machoni. Wewe ukanitungia wimbo.

— Ulikuwa utani, Gregory.

— Uimbe.

— Wa nini sasa?

— Uimbe, waheshimiwa wausikie.

Bujiku hakuuimba. Gregory akauimba mwenyewe, kwa sauti yake mbaya, bila ngoma:

— Chura wa Bugarama, chura wee, anaogopa kukauka. Mchimbieni dimbwi, chura wee, wanaume wanatoboa.

Hakuna aliyeitikia.

— Kambi nzima mliuimba, akasema Gregory. Watoto waliuimba. Mke wangu Paskalina kisimani aliulizwa, mumeo anataga mayai? Nikavumilia mwezi, nikashindwa, nikafunga koki. Ndiyo nakohoa hivi. Na mimi wala sina jina la Kiyunani.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema Mzee Sikujua. Kwa kawaida methali zake hazikulenga kitu, na alipoona hii imelenga, alijuta, akashika dele lake akaanza kulifuta kwa kitambaa bila sababu.

Bujiku alitaka kukasirika. Alimtafuta wa kumkasirikia. Alianza na daktari, akaenda kwa mkalimani, akamfikia mhandisi na kitambaa chake, na kwa wote hao alikuwa na haki, lakini kila mara hasira ilizunguka, ikarudi, ikakaa mahali pamoja: kwenye mkono wake wa kulia, ule uliozungusha koki siku ya kwanza, huku Bagalu wakipiga vigelegele. Aliuweka mkono ule mfukoni.

— Bagika wangetushinda, akasema.

— Wangetushinda, akakubali Gregory.

— Ungekubali?



— Hodi wazee! Shikamooni!

Kijana wa miaka ya kuoa alikuwa amesimama mbele yao, begani ana mzigo uliofungwa kwa shuka, miguuni ana viatu vya matairi. Kifua chake kilikuwa kipana kama mlango. Alikipanda kilima kile akikimbia, na Bujiku aliona, kabla hajaona kingine chochote, kwamba kijana hahemi.

— Marahaba, wakajibu. Mzee Sikujua akachangamka kwa kupata mtu mpya. Karibu, karibu! Mgeni njoo mwenyeji apone. Watokea wapi?

— Kagongwa, mzee. Naitwa Herman. Leo asubuhi nimeandikishwa. Nimeambiwa benchi hili nitampata Baba Limi, fundi Bujiku.

— Ndimi.

Kijana akapiga goti nusu, akatoa mikono yote miwili.

— Wabeja, asante sana baba. Nimekusikia tangu Kagongwa. Mimi pia ni Mgalu.

Siku nyingine benchi lingeinuka kwa shangwe. Marcel akasema tu, vizuri.

— Nyapara amenituma kwako, akaendelea Herman. Amesema Jumatatu mimi ndiye nitakayeshika mashine yako, nije unifundishe.

Basi. Jawabu ambalo Bujiku alilitafuta jioni nzima ndani ya neno la Kiyunani likawa limefika kwa Kiswahili chepesi, limebeba mzigo begani. Kumbe ofisi ilikwisha kuamua kabla neno halijamtoka daktari. Hata Jumatatu haikungojwa. Bujiku alihisi aibu kwanza, maumivu yakafuata, na kwa kuwa kijana alikuwa bado amempa mikono, aliutoa mkono wake mfukoni akampa.

— Umewahi kushika mashine? akamwuliza.

— Bado, baba. Ila leo nyapara amenionyesha. Nimeielewa yote, kasoro jambo moja.

— Lipi?

— Ile koki ya maji. Amesema Wazungu wanataka iwe wazi. Halafu akacheka, akasema, lakini kamuulize Bujiku. Herman akacheka pia, kicheko cha mtu anayetaka kufanana na wakubwa. Sasa baba, mimi Jumatatu nifungue au nifunge?

Marcel alikitazama kikombe. Padri Nusu alitazama viatu vyake. Mzee Sikujua aliinua dele, likawa jepesi, akalitikisa, hakuna kitu, na bado akaenda kikombe hadi kikombe akiinamisha mdomo wake kana kwamba anamimina. Ng'ambo ya pili ya kambi Bagika walikuwa wameanza kugonga ngoma za mazoezi, na walikuwa wanagonga vizuri mwaka ule. Gregory peke yake ndiye aliyemtazama Bujiku usoni, na hakumsaidia.

Bujiku alifumbua mdomo. Akaufumba.

Herman akangoja kwa heshima. Alikwisha kuambiwa huko Kagongwa kwamba mashine huwaharibu mafundi masikio. Basi akasogea karibu zaidi, akainama, akaliuliza tena swali lake kwa sauti kubwa.